Carl Larsson, Mchoraji wa Nyumbani

Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mchoraji mashuhuri hutoka katika nyumba ya kitajiri. Carl Larsson wa Uswidi hakutoka huko. Alizaliwa mjini Stockholm mwaka 1853. Mama yake alifua nguo za watu ili watoto wapate kula. Baba yake, mtu mkali sana, alimwambia mwanawe kwamba anailaani siku aliyozaliwa. Alipotimiza miaka 13, mwalimu wake katika shule ya watoto maskini aliona jinsi anavyochora, akamhimiza aombe nafasi katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Akapokewa.

Kwa muda mrefu alipata riziki kwa kuchorea vitabu na magazeti. Alikwenda Ufaransa akachora kwa rangi za mafuta, lakini hakufanikiwa. Hata mwaka 1882, katika kijiji cha Grez, akashika rangi za maji, na hapo kazi yake ikang'aa. Huko ndiko alikokutana na Karin Bergöö, naye mchoraji, wakaoana mwaka 1883.

Mwaka 1888 baba yake Karin aliwapa nyumba ndogo ya mbao katika kijiji cha Sundborn. Karin aliacha kuchora, akafuma vitambaa, akabuni viti na meza, akashona nguo za watoto. Mumewe akayachora hayo yote. Kwa hiyo mimi naona nusu ya sifa ni ya mama huyu, ingawa jina lililovuma ni la mume.

Katika picha moja mtoto wa kiume ameketi peke yake sebuleni, amefukuzwa mezani kwa kupiga domo. Baba hayumo, wala fimbo haimo: ni chumba kipana na mtoto mdogo, basi. Nikikumbuka utoto wa mchoraji mwenyewe, picha hiyo hunigusa sana. Mwaka 1899 picha za nyumba hiyo zilitolewa katika kitabu kiitwacho Ett hem, zikapendwa mno.

Lakini yeye alitamani zaidi picha kubwa za ukutani. Alikwisha kupamba kuta za ngazi katika Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Stockholm, ukabaki ukuta mmoja. Kwa ukuta huo alichora Midvinterblot, yenye upana wa zaidi ya mita 13, akaimaliza mwaka 1915. Inamwonyesha mfalme Domalde wa hadithi za kale akitolewa kafara ili njaa iishe. Wataalamu walisema amechanganya mambo ya zama mbalimbali, na jumba likaikataa. Jambo hilo lilimuumiza sana, na alipofariki mwaka 1919 ukuta ulikuwa bado mtupu.

Mwaka 1987 picha hiyo iliuzwa kwa mnunuzi wa Japani. Mwaka 1997 jumba lile lile lililoikataa likainunua, na sasa imetundikwa pale pale alipoipimia.