Dagaa, Maharage na Elimu ya Akina Mama

Kusini mwa jiji la Bujumbura, kando ya barabara iendayo Rumonge, liko eneo la Ruziba, lielekealo Ziwa Tanganyika. Katika mwambao huu dagaa, ambao wenyeji huwaita ndagala, huvuliwa usiku kwa taa. Kazi ya majini ni ya wanaume. Kulipokucha, samaki hupita mikononi mwa akina mama, nao ndio wajuao wingu lipi lina mvua na dagaa yupi atakayedumu safarini hadi bara bila kuoza.

Elimu hiyo haimo vitabuni. Mwaka 1992 mradi mkubwa wa utafiti wa uvuvi wa ziwa hili, uliosimamiwa na FAO kwa fedha za Finland, uliweka makao yake Bujumbura, na samaki wakachunguzwa kwa makini. Lakini jambo lililogusa chungu cha nyumbani lilikuwa dogo mno: chanja.

Desturi ilikuwa kuanika dagaa mchangani. Mifugo iliwakanyaga, mvua iliwaozesha, na yapata asilimia 15 ya mavuno ilipotea. Mwaka 2004, huko Mvugo kusini mwa nchi, FAO iliwaonyesha wakaushaji namna ya kutengeneza chanja za wavu wa waya, kimo cha mita moja. Muda wa kukausha ulipungua kutoka siku 3 hadi saa 8. Kilo moja iliyouzwa faranga 4,000 za Burundi mwaka huo ilifikia faranga 9,000 mwaka 2013. (Mama wa nyumbani hahitaji mizani kutambua tofauti: dagaa wa mchangani humsaliti muuzaji wake menoni.) Chanja haikumwondoa mama kazini, ilimwinulia kazi yake kutoka chini, ndiyo maana akaipokea.

Kisa cha maharage nchini Rwanda kinafundisha zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Rubona waliwaalika wanawake wakulima mashambani mwa kituo chao, wachague mbegu wenyewe kabla wataalamu hawajakata shauri. Wanawake hao hawakutazama wingi wa mavuno peke yake. Walitazama mmea utakaostahimili kivuli cha migomba, majani yafaayo kwa mboga, na punje isiyomaliza kuni jikoni. Mbegu walizochagua zilizidi mbegu zao za zamani kwa hadi asilimia 38, na mara nyingi zilifaulu kuliko zile zilizochaguliwa na wataalamu.

Wako pia Batwa, mafinyanzi wa asili wa Burundi, ambao wanawake wao hutambua udongo wa bondeni kwa vidole. Katiba ya mwaka 2005 iliwatengea viti 3 katika Bunge na 3 katika Seneti. Hata hivyo masufuria na plastiki vimewapokonya soko, na elimu yao ya udongo na moto itakwenda kaburini pamoja na vikongwe ikiwa hakuna mwenye kuiandika.

Basi mtafiti aendaye Ruziba hana budi kufika ufukweni alfajiri, wakati akina mama wanapopokea samaki, wala si saa nne wanapokuwa wamekwenda sokoni. Awaulize kwa lugha yao, aandike majina yao katika taarifa yake wakiridhia, na awalipe muda wao kama amlipavyo dereva wake.