KOMPYUTA YA OFISINI NI LINDO: ISIACHWE WAZI

Askari yeyote aliyepita chuo cha mafunzo anafahamu kwamba ghala la silaha halifunguliwi kwa kila apitaye. Lina mlango, lina kufuli, lina daftari la kutia sahihi, na lina mlinzi asiyemruhusu hata rafiki yake wa chanda na pete kuingia pasipo kibali. Wala hakuna anayenung'unika kwamba utaratibu huo unamvunjia heshima. Tangu siku za ukuruta alifundishwa kuwa bunduki moja ikipotea, aliye hatarini si mtu mmoja, bali ni kikosi kizima.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akitoka ghalani na kuingia ofisini, mara nyingi huiacha nidhamu hiyo mlangoni. Mezani pana kompyuta ambayo ndani yake mna orodha ya askari, mishahara yao, zamu za ulinzi, safari za magari, na kwa upande wa polisi, majalada ya kesi pamoja na majina ya mashahidi. Katika ofisi nyingi kompyuta kama hiyo hutumiwa na watu wanne au watano kwa neno la siri moja, nalo limeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa ukingoni mwa kioo. Ajaye na flashi yake huichomeka. Apendaye muziki huingiza programu ya muziki. Aitwaye na mkubwa wake huondoka, akaiacha kompyuta inang'aa kama duka lisilo na mwenyewe.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini yatupasa kuifunga kompyuta ya kazi kama tunavyolifunga ghala, na jinsi ya kufanya hivyo pasipo kuizuia kazi yenyewe.

FLASHI MOJA, JESHI ZIMA

Mwaka 2008, katika kituo kimoja cha jeshi la Marekani huko Mashariki ya Kati, flashi yenye programu haribifu ilichomekwa katika kompyuta ya jeshi. Habari hiyo ilithibitishwa hadharani mwaka 2010 na William J. Lynn, ambaye wakati huo alikuwa Naibu Waziri wa Ulinzi wa Marekani, katika jarida la Foreign Affairs. Alieleza kwamba programu hiyo ilipenya katika mtandao wa Kamandi ya Kati, ikasambaa kimya kimya katika mitandao ya kawaida na mitandao ya siri pia, ikiandaa njia ya kupeleka habari kwenye mashine zilizo mikononi mwa wageni. Alisema kuwa ilipandikizwa na idara ya ujasusi ya nchi ya kigeni, na akalitaja tukio hilo kuwa uvunjaji mkubwa kuliko wote uliowahi kuzipata kompyuta za jeshi la nchi yake.

Programu yenyewe ilijulikana kwa jina la agent.btz, na namna ilivyofanya kazi yafaa ifahamike na kila karani. Katika mifumo ya Windows ya miaka ile, flashi ilipochomekwa, kompyuta iliweza kusoma faili dogo lililokuwamo na kutii maagizo yake, hata kabla mtu hajafungua chochote. Programu hiyo iliandika faili la aina hiyo katika kila flashi iliyokutana nayo. Hivyo flashi safi iliyochomekwa katika kompyuta gonjwa ilitoka ikiwa gonjwa, nayo ikaiambukiza kompyuta iliyofuata.

Hapo ndipo lilipo fumbo la mambo. Yawezekana mtandao wa siri usiunganishwe na intaneti hata kwa uzi mmoja, na watu wakalala usingizi mnono wakiamini kuwa adui hana pa kupita. Lakini adui haihitaji intaneti iwapo kuna mtu anayebeba flashi mfukoni kutoka kompyuta hii mpaka ile. Huvushwa mto juu ya mabega ya walinzi wenyewe.

Gharama ya kosa hilo ilikuwa kubwa. Mwezi wa Novemba 2008 jeshi la Marekani lilipiga marufuku flashi na vyombo vya namna hiyo katika kompyuta zake. Ilianzishwa operesheni ya kusafisha mitandao, iliyopewa jina la Buckshot Yankee. Marufuku ile iliwaumiza hasa waliokuwa mstari wa mbele, kwa kuwa mahali ambapo mtandao ni dhaifu, ramani na picha zilisafirishwa kwa flashi. Amri ililegezwa mwezi wa Februari 2010, lakini kwa masharti: flashi itumike tu pale kazi inapolazimu, na iwe mali ya serikali iliyoandikishwa. Mwaka huo huo Marekani ilianzisha kamandi maalum ya vita vya mitandao ya kompyuta, na Lynn aliandika kuwa tukio lile la 2008 lilikuwa kengele iliyowaamsha.

POLISI NAO WALIONJA

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya wanajeshi peke yao. Mwishoni mwa mwaka 2008 ilizuka programu haribifu iitwayo Conficker. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa na programu hiyo tangu mwezi wa Oktoba 2008. Hata hivyo, mwezi wa Januari 2009 mtandao wa Jeshi la Majini la Ufaransa uliambukizwa, na kompyuta za Wizara ya Ulinzi ya Uingereza zikapatwa pia.

Zaidi ya mwaka mmoja baada ya kiraka kutolewa, mwanzoni mwa 2010, Conficker ile ile iliingia katika kompyuta za polisi wa Greater Manchester, nchini Uingereza. Ili ugonjwa usienee, kikosi hicho kilijitenga na kompyuta kuu ya kitaifa ya polisi kwa siku kadhaa. Askari waliotaka kujua kama gari fulani limeibwa au mtu fulani anatafutwa ilibidi wawaombe wenzao wa vikosi vya jirani wawatazamie. Msomaji aliyewahi kusimama kizuizini usiku wa manane anaweza kupima mwenyewe uzito wa jambo hilo.

WEMA NAO HUPOFUSHA

Baadhi yetu husema dawa ni kuwaonya watu, na mzembe atakayekosa aadhibiwe. Onyo ni jambo jema, lakini halitoshi. Mwaka 2016 watafiti walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Walidondosha flashi 297 katika maeneo mbalimbali ya chuo kana kwamba zimepotea. Flashi 98 katika kila 100 ziliokotwa, na 45 katika kila 100 zilichomekwa na kufunguliwa. Ya kwanza ilichomekwa kabla ya dakika kumi kupita. Wengi wa waliohojiwa walisema kuwa walitaka kumtafuta mwenye mali ili wamrudishie.

Watu hao hawakuwa waovu. Walikuwa na moyo wa kusaidia, na moyo huo ndio mlango anaoubisha adui. Askari mwenye kuchoka baada ya zamu ya saa kumi na mbili, anayehimizwa na mkubwa wake alete taarifa upesi, hawezi kutegemewa kukumbuka mawaidha yote aliyopewa mwaka uliopita. Kwa hiyo mashine yenyewe hapana budi ifundishwe kukataa. Kufuli halichoki, wala halina rafiki.

KUFULI ZINAZOFAA

Kufuli ya kwanza ni kutenganisha akaunti. Kila mtumiaji awe na akaunti yake ya kawaida, yenye uwezo wa kufungua barua, kuandika taarifa na kuchapa, lakini isiyoweza kuingiza programu mpya wala kugeuza mipangilio ya mashine. Akaunti ya msimamizi ibaki kwa fundi aliyeteuliwa, naye aitumie kwa kazi hiyo tu. Programu haribifu inapofunguliwa hupata uwezo ule ule alio nao mtu aliyeifungua. Aliye na ufunguo mmoja ataibiwa chumba kimoja. Aliye na funguo zote ataibiwa nyumba nzima.

Kufuli ya pili ni orodha ya programu zilizoruhusiwa. Badala ya kuitaka kompyuta itambue kila programu mbaya iliyoko duniani, nazo huzaliwa mpya kila siku, iamriwe kuendesha zile tu zilizoandikwa katika orodha. Mlinzi wa lango hahitaji picha ya kila mwizi nchini ikiwa anayo orodha ya walioruhusiwa kuingia.

Kufuli ya tatu ni viraka. Kampuni inapotoa kiraka, na wahalifu nao hujifunza kutokana nacho tundu liko wapi. Tangu siku hiyo ni mashindano ya mbio. Mwezi wa Mei 2017 programu iitwayo WannaCry ilifunga mafaili ya watu na mashirika katika nchi zaidi ya 150, ikidai fidia. Hospitali za umma nchini Uingereza zilipatwa vibaya, na wakaguzi wa serikali walikadiria kuwa miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilivunjwa. Kiraka kilikuwa kimetolewa tangu mwezi wa Machi.

Idara ya serikali ya Australia inayohusika na usalama wa mawasiliano ilichunguza mashambulizi iliyoitwa kuyashughulikia. Iliona kwamba mambo haya matatu, yakifanywa vema kwa mfumo mkuu wa kompyuta na kwa programu zake nyingine pia, huzuia angalau 85 katika kila 100 ya mbinu zilizotumiwa.

Kufuli ya nne ni flashi. Tabia ya kompyuta kuitii flashi yenyewe izimwe. Microsoft ilianza kusambaza mabadiliko ya kuizima katika mashine za zamani mwezi wa Februari 2011, lakini kompyuta kuukuu ambayo haijawahi kutiwa viraka bado ina ugonjwa wake. Kompyuta iamriwe kukataa flashi isiyojulikana. Flashi za kikosi ziwe na namba, zitolewe kwa sahihi na kurudishwa kwa sahihi, kama zinavyotolewa risasi. Flashi iliyookotwa ipelekwe kwa fundi bila kujaribiwa.

Kufuli ya tano ni ile iliyo mkononi mwa kila mmoja wetu. Kila mtu awe na neno lake la siri, asimpe mwenziwe, kwa maana likitumiwa kwa uovu jina litakaloandikwa ni lake. Atokapo kitini, hata kama ni kwenda kupokea saluti mlangoni, aifunge kompyuta. Katika Windows yatosha kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi L.

Mwisho, ziwepo nakala za akiba zinazowekwa mahali palipotengwa na mtandao, na zijaribiwe mara kwa mara kama zinafunguka. Nakala iliyoachwa imeunganishwa na kompyuta itafungwa na mhalifu pamoja na kompyuta yenyewe.

CHEO SI KINGA

Yako mambo mawili ambayo huziangusha kufuli zote hizi, nayo hayatoki kwa adui.

La kwanza ni cheo. Amri hutolewa kwamba kompyuta zote zifungwe, kisha mkubwa mmoja anasema ya kwake iachwe, kwa kuwa hataki kusumbuliwa na kijana wa mitambo. Koplo fundi atamjibuje afande wake? Atatii. Matokeo yake, kompyuta yenye siri nyingi kuliko zote ndiyo inayobaki wazi kuliko zote. Adui hutafuta barua za kamanda kabla ya kutafuta barua za karani. Kwa sababu hiyo ingefaa mkuu wa kituo awe wa kwanza kufungiwa kompyuta yake, na afanye hivyo mbele ya watu wake.

La pili ni ukali usio na njia mbadala. Karani akikatazwa flashi wala asionyeshwe namna nyingine ya kuifikisha taarifa makao makuu kabla ya saa kumi, ataipiga picha kwa simu yake na kuituma kwa njia atakayoijua mwenyewe. Hapo siri imetoka nje kabisa ya boma, na aliyeitoa alikuwa akitimiza amri. Wamarekani walipolegeza marufuku yao mwaka 2010 walikiri kwa vitendo kwamba kazi haina budi kupita mahali. Kila mlango unapofungwa, pawe na mlango halali uliofunguliwa, na watu waonyeshwe ulipo.

Kadhalika aliyekosea akaja kusema upesi asichukuliwe sawa na aliyeficha. Katika moto wa namna hii, saa moja ya kwanza ina thamani kuliko wiki nzima ya baadaye. Askari akijua kwamba atakayekiri atawekwa ndani, ataizima kompyuta, ataondoka kimya, na ugonjwa utaendelea kusafiri. Aliyeficha ndiye astahiliye adhabu.

MASWALI YA KUULIZWA KITUONI

Mkuu wa kituo hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili akague lindo hili. Yatosha aulize kama anavyouliza kuhusu silaha. Je, ni nani na nani wenye akaunti za msimamizi, na wanazo kwa sababu gani? Kiraka cha mwisho kilitiwa lini? Flashi za kikosi ni ngapi, na leo ziko mikononi mwa nani? Aliyehamishwa mwezi uliopita, je, akaunti yake imefungwa? Nakala za akiba ziko wapi, na mara ya mwisho zilijaribiwa lini? Je, karani akiona jambo la ajabu kwenye kioo usiku wa manane, anajua ampigie simu nani?

Majibu yaandikwe katika daftari, na mwezi ujao maswali yaulizwe tena. Usahaulifu ndio unaompa adui nafasi, na dawa ya usahaulifu, kama tulivyofundishwa sote katika kwata, ni kurudia.