Hofu ya Uzazi Ugenini (2): Anayeogopa Leba Riyadh na Jeddah

Wiki iliyopita tulieleza namna hofu kali ya uzazi inavyomshika mwanamke: moyo kwenda mbio akiona mjamzito, usingizi kupotea, kutumia njia mbili za uzazi wa mpango kwa pamoja na bado asiwe na amani. Leo tunaingia kwenye tiba. Nawalenga dada zetu walioko Riyadh na Jeddah, wake waliofuata waume zao, wauguzi, wanafunzi na makadama wa majumbani, kwa sababu huko hofu hii hukuta mahali pazuri pa kuotea.

Si kudeka, wala si upungufu wa imani. Daktari Mfaransa Louis-Victor Marcé aliiandika mwaka 1858, na mwaka 2000 Kristina Hofberg na Ian Brockington wa Uingereza wakaieleza upya kwa jina la tokofobia. Miongoni mwa wanawake waliowatenganisha wamo wa aina hizi mbili: asiyewahi kuzaa, ambaye mara nyingi hofu yake ilianza tangu usichana, na aliyekwisha kuzaa, akapata makubwa, sasa hataki hata kusikia habari ya mimba. Huyu wa pili msimfundishe uchungu ni nini. Anaujua. Anachohitaji kwanza ni mtu wa kuketi naye, amsikilize yaliyomkuta tangu mwanzo hadi mwisho, kisha amweleze kwa nini damu ilitoka nyingi, kwa nini alikatwa, kwa nini walikuwa wakikimbizana chumbani bila kumwambia neno.

Wengi wetu hofu hiyo tumetoka nayo nyumbani. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ukakadiria 104. Maendeleo ni makubwa, lakini msichana aliyekua wakati ule huenda alimzika jirani, au shangazi. Saudi Arabia leo iko chini ya vifo 20. Ukimtajia takwimu hiyo atakubali kwa kichwa, na usiku mikono itatetemeka vilevile, kwa kuwa anayemjia ndotoni ni yule shangazi.

Tena kuna upweke. Pwani yetu, mimba ya kwanza ikikaribia miezi yake binti hurudi kwa mamake. Kuna mkunga anayemjua tangu mtoto, kuna somo wake, kuna wanawake wa kumkanda mgongo na kumwambia maneno ya kutuliza. Riyadh ana vyumba viwili ghorofani na mume aliye kazini zamu ya usiku. Hospitalini muuguzi huenda ni Mfilipino au Mhindi, daktari anazungumza Kiarabu, na mwenyewe Kiarabu chake ni cha sokoni. Kwa maoni yangu hapa ndipo tiba ianzie, na ushahidi upo. Uchambuzi wa shirika la Cochrane wa mwaka 2017, uliokusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000, ulionyesha kwamba mwenye mtu wa kukaa naye muda wote wa uchungu ana nafasi kubwa zaidi ya kuzaa kwa njia ya kawaida, na uwezekano mdogo zaidi wa kubaki na kumbukumbu mbaya. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mzazi awe na mwenzake anayemchagua mwenyewe.

Msomaji wa Kurani ataikumbuka Sura Maryam, kuanzia aya ya 23. Uchungu ulimfikisha Bibi Maryam kwenye shina la mtende akiwa peke yake, akatamani angekuwa amekwisha kufa. Hakukemewa kwa kauli ile. Alipata sauti ya kumliwaza, maji chini yake na tende mbivu. Anayemwambia mwanamke mwenye hofu kwamba anakufuru, aisome tena.

Kazi yenyewe hufanyika miezi kabla. Finland, wanawake wenye hofu kali walipewa vikao 6 vya kikundi wakiwa wajawazito na 1 baada ya kujifungua, wakiongozwa na mwanasaikolojia. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2013, asilimia 63 walizaa kawaida bila vyombo, dhidi ya 48 ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Jeddah, wanawake watano wa jamaa moja wanaweza kuanza na kitu kama hicho sebuleni, wakimwalika muuguzi wa kwetu. Mwenye hofu aulizwe: unaogopa nini hasa? Maumivu, sindano, kuchanika, kuvuliwa nguo mbele ya watu, kufa? Kila jibu lina dawa yake. Wa maumivu aulizie mapema ganzi ya mgongo. Wa aibu aombe daktari mwanamke. Halafu aizoee hofu kidogo kidogo: leo apite nje ya hospitali, wiki ijayo aombe kuonyeshwa leba, aguse kitanda, asikie mashine ya mapigo ya mtoto. Aandikiwe karatasi kwa Kiarabu: mimi ni mwoga wa kuzaa, tafadhali nielezeni kabla ya kunigusa. Asiyelala kabisa, au anayewaza kujidhuru, amwone daktari wa akili. Namba 937 ya Wizara ya Afya ya Saudi Arabia hupokelewa saa 24. Kuzaa kwa upasuaji kuna nafasi yake, lakini kunaondoa leba tu, hofu hubaki.

Hayo yote hayamfai kadama aliyebeba mimba bila cheti cha ndoa. Hofu yake ina msingi: sheria ya huko inahesabu zinaa kuwa kosa la jinai, na mtoto wake hupata tabu kusajiliwa. Ndiyo maana wengine hujifungulia chumbani, mlango umefungwa. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilichukua sampuli za DNA za akina mama na watoto wa namna hii ili wapate karatasi za kurudi, na wengi wamesubiri mno. Balozi za Kenya na Tanzania ziko Riyadh, kama kilomita 950 kutoka Jeddah; aliyenyang'anywa pasipoti na kafili, yaani mwajiri wake, atafikaje? Maafisa wetu wawafuate waliko. Naye dada, damu ikianza kumwagika au kifafa cha mimba kikimshika, apigiwe 997, gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu lije. Habari ya karatasi itazungumzwa akiwa hai.

Wiki ijayo: arobaini ya mzazi aliye mbali na mamake.