Tumbo la shofere si alama ya mushahara

Wandugu wafanyakazi wa migodi, leo hatuongei juu ya mushahara wala juu ya mukataba. Tunaongea juu ya mukaba. Kila mara ya vizite ya munganga wa kazi, tunaona wenzetu wanatoka na karatasi mukononi: tansio iko juu, sukari iko juu katika damu. Kwa shofere wa kamyo kubwa, karatasi ile inaweza kumushusha kwenye mashini, na akishuka yeye, nyumba yake yote inashuka naye. Ndiyo sababu sindika inaingia katika mambo ya tumbo.

Tukumbuke tulikotoka. Wakati wa Union Minière, iliyoanza 1906, wazee wetu walipewa posho, na unga wa mahindi ulikuwa ndani. Posho ile ilikuwa ya mutu anayechimba na kubeba kwa mikono. Leo mashini ndiyo inachimba, na shofere anaweza kukaa kwenye kiti posti nzima ya saa 12. Kazi imebadilika, lakini sahani imebaki ileile: mulima wa bukari, sombe inayoogelea katika mafuta, na sukre baridi pembeni. Chakula ambacho mwili haukutumia, unakiweka akiba, na akiba ya kwanza inaonekana tumboni.

Kabla ya yote, jipime. Chukua mita ya fundi wa nguo, izungushe tumboni karibu na kitovu, bila kuvuta pumzi ndani. OMS inasema hatari ya moyo na ya sukari inaanza kupanda kwa mwanaume kwenye santimita 94, na kwa mwanamuke kwenye 80. Kwa mwanaume akipita 102 na mwanamuke akipita 88, hatari imekuwa kubwa kabisa.

Sasa tufanye hesabu, kama tunavyohesabu saa za nyongeza. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba karibu kalori 7.700. Mutu akipunguza kalori 500 kila siku, mwanzoni anaweza kupoteza karibu nusu kilo kwa juma. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120 hivi. Chupa kubwa ya pombe, ile ya santilita 72, inakaribia 300. Na mutu wa kilo 80 akitembea haraka saa nzima, anachoma 300 hivi. Ni kusema saa nzima ya miguu inalipa chupa moja tu. Anayekunywa chupa tatu kila jioni hawezi kuzilipa kwa kukimbia. Mambo yanaanzia kwenye sahani na kwenye glasi.

Hatusemi kuacha bukari. Nani atatusikia? Tunasema: gawa sahani. Nusu iwe mboga, yaani lenga-lenga, matembele ao sombe. Robo iwe bukari. Robo nyingine iwe maharagi, samaki, kuku ao mayai. Bamama wanaopika, mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimwagwe kutoka kwenye chupa. Na sukre tuiache kwa siku za sikukuu: chupa ndogo ya santilita 30 ina sukari karibu gramu 30, na OMS inataka mutu muzima asifikishe gramu 50 kwa siku nzima. Maji yanatosha.

Halafu mwili utembee. OMS inaomba dakika 150 mpaka 300 kwa juma. Nusu saa, mara tano, tayari umefika 150. Shuka kwenye bisi mbele ya kituo chako, malizia kwa miguu. Mara mbili kwa juma fanya pompe, chuchumaa na uinuke, juu ya kulinda misuli: anayekula kidogo bila kufanyisha mwili kazi anapoteza nyama pamoja na mafuta.

Kuna uongo wa kutupa. Wengine wanajifunga plastiki tumboni wakikimbia. Jasho ni maji, ukikunywa yanarudi, na kwenye joto kali plastiki ile inaweza kukuangusha. Mafuta hayatoki kwa jasho. Watafiti wawili wa Australia walionyesha mwaka 2014 kwamba mutu akipoteza kilo 10 za mafuta, kilo 8,4 zinatoka kwa pumzi, na zile zinazobaki zinageuka maji. Pia, mazoezi ya tumbo hayachagui mafuta ya tumbo. Mwili unapunguza mahali unapotaka wenyewe. Na zile dawa za kukondesha zinazouzwa sokoni bila karatasi ya munganga, ziache kwa muuzaji.

Tunajua neno la mutaani: mutu akikonda, wanasema «ule ako na ugonjwa». Wengi wanashika tumbo lao juu ya kuogopa ile midomo. Lakini tutofautishe. Anayekonda polepole kwa kutaka, huku ana nguvu na usingizi, yuko muzuri. Anayekonda bila kutaka, akikohoa majuma 2 ao zaidi, na jasho la usiku, aende lopitali mbio. Kifua kikuu kinajua njia ya mugodi, na vumbi la mawe linakifungulia mulango. Na mwenye dawa za tansio ao za sukari asiziache wala kuzipunguza yeye mwenyewe. Kilo zikishuka, munganga ndiye atapima upya.

Lakini tusimubebeshe mufanyakazi muzigo wote. Posti ya usiku inavunja usingizi, na mutu asiyelala anasikia njaa ya sukari na mafuta kuliko mwenzake. Anayekula kantini anakula kile alichopikiwa. Kwa hiyo tunaomba makampuni mambo matatu: kantini iweke mboga na maharagi kila siku, na maji safi ya bure, mupango wa posti uache muda wa kulala kweli, na mwenye kupatikana na tansio apewe matibabu na muda wa kujitengeneza mbele ya kufikiria kumuondoa kwenye mashini.

Mahali pa kuyasema papo. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 imeweka komite ya usalama na usafi kwenye mahali pa kazi. Wadelege, kikao kinachokuja, musiandike kofia na buti tu. Andikeni na kantini.