Saa Iliyofichwa Kwenye Tope

Wajukuu zangu, mmoja wenu aende jikoni aniletee kipande cha mkaa. Hata kile kilichobaki chini ya gunia kinatosha. Kishikeni kwa zamu. Vidole vimekuwa vyeusi, sivyo? Kivunje: kinakatika kwa mlio mkavu, kama kigae. Ukikisogeza karibu na jicho utaona vitundu vidogo sana, njia ambazo maji yalipandia wakati mti ungali hai. Sasa niambieni, kina umri gani?

Mtasema mkaa umenunuliwa juzi. Ni kweli. Lakini mimi nauliza umri wa mti wenyewe. Ndani ya weusi huu imo saa, na inatembea sasa hivi mkononi mwako, haina mshale wala betri. Nitawaeleza inavyofanya kazi, kisha tutapanda nayo Uluguru, kwa mwanamke aliyeitumia kusoma tope.

Tuanzie angani. Kutoka mbali sana, miale isiyoonekana huipiga hewa yetu usiku na mchana. Inapoipiga, hutoka chembe ziitwazo nyutroni, na nyutroni ikigonga atomu ya naitrojeni huigeuza kuwa kaboni. Kaboni iliyo nyingi ina uzito wa 12. Hii ina uzito wa 14, na haitulii: iko siku itarudi kuwa naitrojeni. Ni adimu mno. Katika atomu trilioni moja za kaboni iliyomo kwenye jani bichi, kaboni-14 ni kama moja tu. Mti huivuta pamoja na hewa, mbuzi hula majani, nasi tunakula mbuzi na mchicha. Kwa hiyo hata wewe unayo.

Hapo sasa fikirieni treni ya TAZARA inayopita hapa Kisaki. Mti ukiwa hai ni kama treni ambayo kila mahali watu wanashuka na wengine wanapanda, hivyo mabehewa hayapungui watu. Siku mti unapokufa, mlango wa kupandia unafungwa, wa kushukia unabaki wazi. Kuanzia hapo, kila kituo wanashuka nusu ya waliobaki. Ukianza na abiria 1,000, kituo cha kwanza wanabaki 500, cha pili 250, cha tatu 125. Na kutoka kituo hadi kituo ni miaka 5,730. Mtaalamu akihesabu waliobaki anajua treni imepita vituo vingapi, yaani mti umekufa lini. Kituo cha tisa wanabaki wawili tu, na ndiyo maana saa hii huishia kwenye miaka 50,000 hivi.

Aliyetufundisha kuisoma ni Willard Libby, mkemia wa Chuo Kikuu cha Chicago, miaka ya 1940 ikielekea ukingoni. Alifanya jambo ninalolipenda sana: kabla ya kuipeleka saa yake kwenye vitu visivyojulikana, aliipima kwa vitu ambavyo umri wake ulikwisha kujulikana. Kimojawapo kilikuwa kipande cha mti wa jamii ya migunga kutoka kaburi la mfalme Zoser wa Misri, wa zaidi ya miaka 4,600 iliyopita. Majibu yakakaribiana. Mwaka 1960 akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia.

Sasa geukeni kaskazini. Ile milima ya buluu ni Uluguru. Kule juu, upande wa kusini, kuna uwanda wa Lukwangule wenye nyasi, baridi na ukungu, na katika uwanda huo kuna kinamasi kiitwacho Deva-Deva, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Hapa kwetu unalala bila shuka; kule unatafuta blanketi mchana.

Yule mwanamke niliyemtaja ni Jemma Finch, mwanasayansi wa Afrika Kusini. Alianza kazi yake ya tope kwao, kwenye kinamasi cha Mfabeni kilicho pwani ya KwaZulu-Natal. Kisha akafanya utafiti Uluguru, pamoja na Rob Marchant wa Chuo Kikuu cha York na Melanie Leng, wote wa Uingereza. Mwaka 2009 walichapisha walichokisoma Deva-Deva: habari za miaka 48,000 hivi.

Tope linasomwaje? Kinamasi hakina haraka. Kila mwaka majani, vumbi na chavua huanguka, hulowa, hufunikwa na vya mwaka unaofuata. Cha juu ni cha jana, cha chini ni cha kale. Mtafiti hudidimiza bomba la chuma kwa mikono, huvuta nguzo ya tope, huifunga vizuri isikauke, na kuibeba hadi maabara. Huko huikata vipande. Vingine vinapelekwa kupimwa kaboni-14, vingine huoshwa kwa asidi kali mpaka ibaki chavua peke yake, kwa sababu ganda la chavua ni gumu ajabu na asidi hailiwezi.

Halafu anakaa kwenye hadubini na kuhesabu. Chavua ya nyasi ni mpira wenye tundu moja. Ya podo, mti ambao maseremala wetu wanaujua, ina mifuko miwili ya hewa pembeni, kama masikio, ya kuisaidia kupeperuka. Anahesabu mamia katika kipande kimoja, kisha kipande kinachofuata, kisha kingine. Shingo inauma, macho yanawasha. Pia anahesabu chembe za mkaa, ndugu za hicho mlichoshika, kwa kuwa zinaonyesha palipowahi kuungua.

Na lazima awe mwangalifu sana. Mzizi mbichi ukipenya chini kwenye tope la kale unaingiza kaboni ya leo. Tope la miaka 40,000 likichanganyika na sehemu moja tu katika mia ya kaboni mpya, litasomeka kama la miaka 33,000 hivi. Miaka 7,000 imepotea kwa unyuzi wa mzizi! Nikikumbuka hilo nawaheshimu watu hawa mno.

Walikuwa wakitafuta nini? Yapata miaka 21,000 iliyopita dunia ilikuwa katika zama za barafu. Afrika Mashariki ilipoa, mvua zikapungua. Baadaye kidogo, kama miaka 17,000 iliyopita, hata Ziwa Viktoria lilikauka. Pale wanapovua sangara leo palikuwa pakavu. Kwenye milima mingi ya bara letu misitu ilirudi nyuma, nyasi zikachukua nafasi yake. Uluguru je? Tope la Deva-Deva lilijibu kwamba msitu wa mlimani uliendelea kuwepo. Mwaka 2008, Mtanzania Cassian Mumbi na wenzake walikuwa wamechapisha habari za kinamasi cha Dama, milima ya Udzungwa, nazo zilikuwa za namna hiyohiyo. Sababu moja wanayoitaja ni Bahari ya Hindi, iliyoendelea kuleta unyevu milimani wakati bara likikauka.

Kwa hiyo mkisikia kuna ndege anayeitwa kwa jina la Uluguru, wa jamii ya mbwigu, ambaye haishi popote pengine duniani, msishangae. Nyumba yake haikubomolewa kwa muda mrefu mno. Na mto Mgeta mnaoufahamu unashuka kutoka milima hiyohiyo, unapita huku kwetu, unaingia Ruvu, na Ruvu inanywewa Dar es Salaam.

Finch hakuishia hapo. Alirudi Tanzania kwa tope la Pare Kusini, na mwaka 2017 yeye na wenzake wakachapisha habari zake. Miaka mingi, milima kadhaa, na kila mara bomba, tope na hadubini.

Haya, rudini kwenye mkaa wenu. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani kwa majaribio. Kaboni-14 ikaongezeka mno; kaskazini mwa dunia ilikaribia kuwa maradufu, na upepo ukaisambaza hadi huku. Kama mti uliotoa mkaa huu ulikuwa umeshaota mwaka 1963, basi sehemu ya mbao uliyoijenga mwaka ule ilibeba alama ya mabomu hayo, hapa hapa Kisaki, ambako hakuna aliyesikia mlipuko. Usikitupe kipande hicho. Kirudishe guniani pole pole, bibi yenu atakihitaji jioni.