Maiti wa Covid si bomu: Kijana wa Pwani, soma hii

Aprili 2020. Kilifi imefungwa pamoja na Mombasa na Kwale, kafyu ni saa moja jioni, na mazishini wanaruhusiwa watu 15 pekee. Maiti analetwa na wahudumu waliovalia mavazi meupe kichwani hadi miguuni, anazikwa chapchap, kila mtu anarudi kwake. Kwetu Malindi na Kilifi, ambako kumwosha na kumsindikiza marehemu ni heshima ya mwisho, hilo liliuma sana.

Lakini kwani ilikuwa lazima?

Machi 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema hakukuwa na ushahidi wa mtu kuambukizwa Covid na maiti. Familia ingeweza kumtazama mpendwa wao bila kumgusa wala kumbusu. Waoshaji nao wangeendelea na kazi, mradi wajikinge kwa glavu, gauni, barakoa na kinga ya macho. Hatari kubwa ilikuwa sisi tulio hai, tukibanana matangani.

Penye hatari hasa ni kwenye upasuaji wa maiti. Mapafu huweza kuwa bado na virusi hai, na msumeno wa umeme hurusha chembechembe hewani. Ndiyo maana daktari huvaa barakoa ya N95, chumba kikawa na hewa ya kutosha na watu wakawa wachache.

Basi kwa nini wapasue? Kwa sababu maiti ana la kusema. Huko Hamburg, Ujerumani, kati ya maiti 12 wa kwanza kuchunguzwa, 7 walikuwa na damu iliyoganda mishipani, na hakuna aliyeshuku hilo walipokuwa hai. Wanne waliuawa na bonge la damu lililoziba mapafu. Lusaka, Zambia, watafiti walipima maiti 364 mwaka 2020. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na virusi, na wengi wao hawakuwa wamewahi kupimwa. Tulidhani Afrika imenusurika, kumbe hatukupima.

Huku Kilifi wengi hufia nyumbani na kuzikwa bila kupasuliwa. Ndipo kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, kinachofuatilia takriban watu 300,000, hutuma wahojiwa wake kuuliza familia: alikohoa? Alikuwa na homa? Siku ngapi?

Akibisha hodi kwenu, usimfukuze. Majibu ya mama au shangazi yako yanaweza kuonyesha nini kinatuua kabla hakijamfikia mwingine.