Siyo Jini, ni Jeni

Wandugu, tangu nianze doktora, watu wa kwetu Kasongo wananiuliza: "Hiyo afya ya usahihi ni kitu gani?" Ninawajibu kwa mfano wa mdogo wangu. Yeye ni SS, ana ugonjwa wa seli mundu.

Damu yake ikipungukiwa oksijeni, chembe nyekundu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Nyumbani walisema ni jini. Kumbe ni jeni! Amerithi moja kwa baba, moja kwa mama. Wote wawili ni AS, nao ni wazima. Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto SS.

Dawa iko. Utafiti wa REACH, uliotoka mwaka 2019, ulifuata watoto 606 wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale walioanza kupewa haidroksiurea. Mwandishi wake wa kwanza ni Mkongo mwenzetu, Profesa Léon Tshilolo. Maumivu, malaria na vifo vilipungua. Lakini dozi haikuwa moja kwa wote: ilianzia kwenye kilo za mtoto, ikapandishwa polepole huku damu yake ikipimwa. Usahihi ndiyo huo: kupima, siyo kubahatisha.

Kwa hiyo mtoto wa Kabambare anahitaji dawa pamoja na labo ya karibu.

Na siye wasomi? Tupime kabla ya mahari. Mimi nimepima: niko AS. Mchumba wangu naye amepima. Tunangoja majibu.